Maji ya Uzima Hayana Bei



Sina desturi ya kugombana na watu katika kurasa za gazeti. Kazi yangu ni chaki na ubao, na mwalimu mwenye darasa lililojaa watoto hana nafasi ya kutafuta ugomvi mahali pengine. Lakini liko jambo moja ambalo nikilinyamazia tena nitakuwa mshiriki wake. Nami nimekwisha kulinyamazia mara moja, kwa hasara ambayo nitaisimulia hapa chini. Jambo lenyewe ni hili. Wakristo waliobatizwa wanunua maji katika chupa, wayaita maji ya upako na maji ya uzima, wayaweka nyuma ya mlango, wayanyunyiza shambani na dukani, wawanywesha watoto wagonjwa, na wakiulizwa wajibu, "Hii ndiyo imani." Mimi nasema si imani. Nasema ni hirizi iliyobadili nguo.

Najua neno hili litawachoma wengi, na katika hao wamo rafiki zangu. Basi na nilieleze polepole, maana mtu asiyetoa hoja apiga kelele tu.

Sisi watu wa Mkumbara twajua thamani ya maji. Stesheni yetu iko chini ya ukuta wa milima ya Usambara, kando ya reli itokayo Tanga kwenda Moshi. Huko juu, Shume na Lushoto, mvua hunyesha, ukungu hutanda, na watu huvaa makoti. Huku chini jua ni kali, miti yetu ni migunga na mibuyu, na mkonge wastawi kwa kuwa hauombi maji mengi. Mawingu twayaona kwa macho yetu, yamekaa juu ya milima, wala hayatushukii. Hata hivyo twanywa. Twanywaje? Mvua iliyonyesha juu, mahali ambapo sisi hatukulima wala hatukupanda, hupenya katika udongo wa msitu, hutokea kuwa chemchemi, hushuka kwa vijito vya mabondeni, hata kuufikia Mto Mkomazi, nao waenda kuingia katika Pangani. Mtu wa Mkumbara akinywa kikombe cha maji, anywa mvua ambayo hakuiona ikinyesha.

Kabla ya vita vya mwaka 1914 Wadachi walivuta waya mrefu toka Shume, mahali walipopaita Neu-Hornow, mpaka hapa kwetu Mkumbara, na mbao za mierezi zikateremshwa kwa waya ule mpaka kwenye reli. Ilikuwa kazi ya ajabu. Lakini angalieni tofauti. Waya ulileta kitu kilichokatwa, kikapimwa, kikauzwa; na biashara ilipokwisha, waya nao ukaisha. Maji hayakungoja waya. Yalishuka kabla ya Wadachi, yalishuka wakati wao, yashuka hata leo, wala hakuna mtu aliyesimama njiani akayaandikia hati ya mauzo. Nikitaka kuwaonyesha watoto wangu neema ni nini, sina haja ya kitabu kikubwa. Nawapeleka mtoni.

Sasa tumtazame Bwana wetu alipoyatumia maji kuwa mfano. Katika Injili ya Yohana, mlango wa nne, alikaa kisimani huko Samaria, mchana wa jua, akamwomba mwanamke maji ya kunywa. Kisha akamwambia habari za maji mengine, yatokayo ndani ya mtu mwenyewe kama chemchemi. Mwanamke yule hakuelewa mara moja. Alidhani ameambiwa habari za njia ya mkato, akaomba apewe maji hayo ili asipate taabu tena ya kuja kuteka. Hilo ndilo kosa la chupa. Twataka maji yatakayotuondolea taabu ya kuteka: tusiende zahanati, tusipalilie shamba, tusipatane na ndugu tuliyemkosea, tusiache pombe, bali tunyunyize tu. Lakini Bwana hakumpa yule mama maji ya kuchukua nyumbani. Alimwonyesha maisha yake yalivyo, mume kwa mume, mpaka akajijua. Na alipokwisha kujijua, imeandikwa kwamba aliuacha mtungi wake pale kisimani, akaenda mjini kuwaita watu. Yeye aliondoka mikono mitupu, naye amejaa. Sisi twarudi tumebeba chupa.

Wenye kuuza maji hawakosi maandiko. Nami sitaki kuwadhulumu. Na tuzisikilize hoja zao moja moja.

Wasema kwanza, "Je, Naamani hakuoga mara saba katika Yordani akatakasika?" Naam, alitakasika. Lakini someni mlango wote, ndio wa tano katika kitabu cha Pili cha Wafalme, msiukatie katikati. Naamani alichukizwa kwa sababu Yordani ulikuwa mto wa kawaida tu, naye alijua mito mizuri zaidi huko kwao Dameski. Nguvu haikuwa ya mto. Wakoma wa Israeli walikuwa wakiishi karibu na mto ule ule, wala hawakupona. Kilichofanya kazi ni neno la Mungu na utii wa mtu mwenye kiburi aliyekubali kushuka. Kisha alipotoka majini, alirudi na fedha na dhahabu na mavazi ampe nabii. Elisha alikataa. Aliapa kwamba hatapokea kitu. Ila Gehazi mtumishi wake alikimbia nyuma ya gari, akasema uongo, akapata talanta mbili za fedha na mavazi mawili. Na ukoma wa Naamani ukamshika Gehazi. Nashangaa sana kwamba wauza maji hulikumbuka sana jina la Naamani, lakini sijasikia hata mmoja akimtaja Gehazi.

Mtu aweza kuniambia, "Lakini Naamani naye alichukua kitu kurudi nacho kwao." Ni kweli, na msomaji makini amefanya vema kuliona. Alichukua udongo, mzigo wa nyumbu wawili. Aliuchukua wa nini? Hakuuchukua kujipaka asipate ukoma tena. Aliuchukua kwa sababu alikuwa ameazimia kumwabudu Bwana peke yake katika nchi ya kigeni. Na hakuununua.

Wasema pili, "Je, Bwana hakumtuma kipofu akanawe katika birika ya Siloamu?" Alimtuma. Akanawa mara moja, akarudi anaona. Hatusomi kwamba alijaza kiriba, wala kwamba vipofu wa Yerusalemu walipanga mstari kesho yake kwenye birika ile. Na katika mlango wa tano wa Yohana twasoma habari za birika nyingine, Bethzatha, ambako wagonjwa wengi walilala wakiyangoja maji. Mtu mmoja alikuwa ameugua miaka 38. Alimweleza Bwana shida yake yote, kwamba hana mtu wa kumtia majini. Bwana hakumtia majini, alimwambia asimame. Mtu yule alidhani kizuizi chake ni umbali wa maji, na Mponyaji amesimama mbele yake. Ndugu, wangapi kati yetu wayatazama maji hata wasimwone aliyesimama?

Wasema tatu, "Hata makasisi hubariki maji ya ubatizo; mbona huwalaumu?" Siwalaumu, kwa sababu sigombani na baraka. Kubariki chakula ni kwema, na kubariki maji ni kwema. Nagombana na mambo mawili: kutia bei, na kuhamisha tumaini toka kwa Mungu kwenda kwa kitu. Simoni mchawi wa Samaria alileta fedha kwa Petro ili apate uwezo wa Roho Mtakatifu, naye Petro alimkemea kwa ukali ambao sijauona mahali pengi katika Matendo ya Mitume. Lakini towashi wa Kushi, katika mlango uo huo wa nane, alipoona maji njiani aliuliza tu ni nini kimzuiacho asibatizwe. Hapakuwa na bei. Watu wote wawili walitaka kitu cha Mungu; mmoja alifungua mfuko, mmoja alifungua moyo.

Sasa nitoke katika Maandiko, niingie katika habari za nchi yetu, maana jambo la maji si geni kwetu. Katika nchi ya Umatumbi, huko Ngarambe karibu na Rufiji, mtu aitwaye Kinjikitile Ngwale aliwapa watu maji ya kuwakinga na risasi. Sipendi kuwadharau watu wale. Walikuwa wamechoshwa na kodi, na kiboko, na kulimishwa pamba kwa nguvu. Shauri lao lilikuwa la haki, na maji yale yaliunganisha makabila ambayo zamani hayakupatana. Vita vilianza mwisho wa Julai 1905. Kinjikitile mwenyewe alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti mwaka ule ule. Tarehe 30 Agosti mashujaa kwa maelfu waliliendea boma la Mahenge, nao wakakatwa kama mtama kwa bombomu. Vita hata mwisho wake mwaka 1907, pamoja na njaa iliyovifuata, viliua watu 75,000 kwa hesabu ya Wadachi wenyewe, na wenye kuandika tarehe za nchi baadaye wamekadiria kufika 250,000 na hata 300,000.

Lakini neno nitakalo mliangalie ni hili. Watu wa kwanza walipoanguka kwa risasi, je, ilisemwa kwamba maji ni ya bure? La. Ilisemwa kwamba waliokufa walikuwa wamevunja miiko. Maji hayakukosa, aliyekosa ni maiti. Shikeni neno hilo, maana tutakutana nalo tena.

Wala wakati huo haujapita. Mwaka 2011 watu maelfu kwa maelfu walikwenda kijiji cha Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya mizizi kwa shilingi 500. Mzee aliyekitoa alikuwa mchungaji mstaafu, naye amekwisha kufa. Simhukumu, bei yake haikuwa ya tamaa. Ila wako wagonjwa walioondolewa vitandani hospitali wakafia njiani, na wako walioacha vidonge vyao kwa kuwa wamekwisha kunywa kikombe. Na tarehe 1 Februari 2020, mjini Moshi, katika reli hii hii yetu, watu 20 walikufa kwa kukanyagana, wakikimbilia kupita juu ya mafuta yaliyoombewa. Ishirini, ndugu zangu, nao hawakuwa wapagani.

Sasa nafika kwenye habari yangu mwenyewe. Sitamtaja mtu kwa jina, wala mahali alikotoka mhubiri yule.

Miaka michache iliyopita mwanangu wa pili aliwaka homa usiku. Mama yake, mcha Mungu kuliko mimi, alikuwa amenunua chupa ya maji kwa mhubiri mgeni aliyepita kijijini. Alimnywesha mtoto, akampaka usoni na kifuani, akasali. Mimi sikumkataza. Kulipopambazuka nalimbeba mtoto mpaka zahanati. Wakampima damu, wakaona malaria, wakampa dawa. Baada ya siku tatu alikuwa akicheza. Majirani walipokuja kutupa pole, mke wangu aliwashuhudia habari za maji. Habari za zahanati hakuzisema. Si kwa uongo, bali kwa kuwa habari ya maji ndiyo iliyojaa moyoni mwake. Nami nalisimama pale pale mlangoni, nikasikia, nikanyamaza. Nalijiambia kwamba haifai mwalimu kumwaibisha mkewe mbele ya watu.

Haukupita mwezi, mtoto wa jirani alishikwa na homa. Mama yake alikumbuka ushuhuda wa nyumba yangu, akatafuta chupa. Siku ya kwanza alimpa maji. Siku ya pili maji na maombi. Siku ya tatu degedege likamshika mtoto, ndipo walipompandisha pikipiki kwenda hospitali, wala hawakufika naye hai. Alikuwa mtoto wa darasa langu. Jina lake lilikuwa la kumi na moja katika daftari la mahudhurio, nami ndimi niliyelipiga mstari.

Mhubiri alipopelekewa habari alijibu kwamba imani ya wazazi ilikuwa haba.

Hapo ndipo nilipolikumbuka neno la Maji Maji. Maji hayakukosa, aliyekosa ni mama aliyefiwa. Yule mama alichukua msiba mara mbili, wa kwanza kumzika mwanawe, wa pili kuamini kwamba ndiye aliyemwua kwa uchache wa imani yake. Nalikwenda kwake nikamwambia ukweli wote, kwamba mtoto wangu alitibiwa zahanati, na kwamba mimi nalisikia ushuhuda nusu nikauacha upite. Alinitazama muda mrefu, akasema, "Mwalimu, mbona hukuniambia siku ile?" Sikuwa na jibu. Maji yakimwagika hayazoleki. Kwa sababu hiyo naandika.

Wazee wetu wa Usambara walikuwa na akili kutupita katika jambo hili. Zamani mfalme wa Vuga, Simba Mwene, alihesabiwa kuwa mwenye nguvu ya mvua, na watu walimpelekea kodi kwa ajili hiyo. Lakini lugha ya Kisambaa ilikuwa na maneno mawili juu yake: *kuzifya shi*, ndiyo kuiponya nchi, na *kubana shi*, ndiyo kuiharibu. Mvua ikikatika na njaa ikiingia, wazee waliweza kusema kwamba mtawala anaibana nchi. Walijua pa kumwuliza aliyepokea mali yao. Hawakuwaambia wenye njaa kwamba njaa ni kosa lao. Je, sisi tuliosoma, tulioletewa Injili Magila toka mwaka 1868 na Mlalo toka mwaka 1891, tuwe wepesi wa kudanganywa kuliko watu wa Kimweri?

Ndugu mmoja aliniuliza barazani, "Mwalimu, hata hospitali twalipa. Mbona huilaumu kwa bei?" Ni swali la haki. Namjibu hivi. Tabibu aniuzia dawa, aiita dawa, na juu ya kisanduku imeandikwa ndani yake mna nini. Hajasema kwamba aniuzia Roho Mtakatifu. Tena, akishindwa asema nimeshindwa, mpelekeni Korogwe, mpelekeni Bombo. Hasemi kwamba mgonjwa hakumwamini vya kutosha. Mtu awezaye kusema "nimeshindwa" aweza kujifunza. Mtu ambaye kazi yake haiwezi kushindwa hata maiti ikiwa mbele yake, huyo jihadharini naye.

Akili nayo ni kipawa cha Mungu, na aliyetupa maji ndiye aliyetupa akili ya kuyachunguza. Mwaka 1854 kipindupindu kiliwaua watu wengi London, katika mtaa wa Broad Street. Maji ya pampu ya mtaa ule yalisifiwa kwa utamu, hata mjane mmoja aliyekuwa amehamia Hampstead aliagiza kila siku aletewe maji yale, kwa kuwa aliyapenda. Akayanywa akafa. Daktari John Snow aliuliza nyumba kwa nyumba nani alikunywa wapi, akatambua kwamba ugonjwa umo katika maji yale, na wakuu wa mtaa wakauondoa mpini wa pampu. Mjane yule aliyapenda maji yake kwa moyo wote, na mapenzi yake hayakuyasafisha. Vivyo hivyo maji ya chupa ya mhubiri, yakiwa yametekwa mtoni wala hayakuchemshwa, sala haitakuwa udhuru wa uvivu wa aliyeyateka.

Mtaniuliza sasa, "Ukiisha kuivunja chupa, watuachia nini?" Nawaachia ubatizo wenu.

Wazee waliotangulia hawakuwamwagia watu maji mlangoni. Waliwafundisha wanafunzi wa ubatizo muda mrefu, mara nyingi miaka miwili na zaidi, wakiwauliza habari za ndoa zao, na madeni yao, na ugomvi wao na jirani. Kama maji yangekuwa dawa, kungoja huko kungekuwa ukatili: nani amnyima mgonjwa dawa miaka miwili? Walingoja kwa sababu walijua kwamba maji ni alama ya kufa na kufufuka, kama Mtume Paulo alivyowaandikia Warumi katika mlango wa sita. Na mtu hapaswi kuzikwa kabla hajajua kwamba yu karibu kufa. Na watoto wachanga wakibatizwa, wazazi na wadhamini huahidi kuwafundisha. Nao wasipofundisha, wamechukua alama wakaacha jambo lenyewe.

Tena fikirini tabia ya maji ya ubatizo. Humwagwa mara moja tu katika maisha. Hukauka kabla hatujatoka kanisani. Hakuna ayachukuaye nyumbani, wala mtu haonyeshi paji la uso lililolowana baada ya miaka kumi. Nadhani Mungu alilifanya hivyo kusudi. Angaliweza kutupa alama ya jiwe, tukaiweka kabatini tukaitegemea. Alitupa alama ikaukayo, ili kinachobaki kiwe ahadi yake, na wajibu wetu. Wahenga wamesema ukiyavulia maji nguo huna budi kuyaoga. Sisi tulivua nguo siku ile mbele ya mashahidi, tukasema tutamkataa Shetani na kazi zake zote. Kazi iliyobaki ni kuoga: kumlipa kibarua haki yake, kutompiga mke, kumwambia jirani ukweli hata kama una aibu kwangu. Chupa haidai neno lolote katika hayo. Ndiyo maana yanunulika.

Nabii Ezekieli aliona maji yakitoka chini ya kizingiti cha hekalu, nayo yalikuwa haba, yakamfika vifundoni, kisha magotini, kisha viunoni, kisha yakawa mto usiovukika. Na kila yalikofika palikuwa na uzima, hata bahari ya chumvi ikaponywa. Lakini katika maono hayo hayo yalikuwako mabwawa ambayo hayakuponywa, yakaachwa kuwa ya chumvi. Nimeishi karibu na mabwawa ya Mkomazi, nami nadhani nalielewa neno hilo. Maji yakienda ni mto. Maji yakikomeshwa mahali pamoja huoza, huzaa mbu. Neema niliyoifungia nyuma ya mlango wangu, kwa ajili ya duka langu na shamba langu, imekwisha kuwa bwawa.

Basi, ndugu, nataka tupatane mambo matatu, nasi tuyaseme makanisani mwetu waziwazi. La kwanza: mtu yeyote atakayeleta maji ya kuuza katika kiwanja cha kanisa, awe mgeni au mwenyeji, wazee wamwulize kwa heshima Gehazi alipata nini, na asipojibu, asindikizwe stesheni. La pili: mtoto akishikwa na homa, mzazi asali, naam, asali sana, lakini asali huku anatembea kwenda zahanati, siku ile ile ya kwanza. La tatu: anayeshuhudia uponyaji kanisani na aushuhudie wote, na dawa aliyokunywa na tabibu aliyemtibu, wala asimwonee Mungu haya kwa kuwa alimponya kwa mkono wa mwuguzi. Ushuhuda nusu ni uongo mzima. Mimi nimeona kaburi lake.

Kwa wale watakaosema kwamba mwalimu ameacha imani, nawajibu kwamba nalikuwa mbali na imani siku ile niliyosimama mlangoni nikanyamaza. Na kama mtu ana hoja ya kunipinga, na aiandike katika gazeti hili, nami nitaisoma kwa moyo mweupe. Ila asiniletee chupa.

Mke wangu ameyasoma maneno haya kabla sijayapeleka, akaniruhusu. Ile chupa yetu aliimwagia mche wa mwembe ulioko nyuma ya nyumba. Mwembe haukufa, wala haukukua kuliko mingine.

Mimi ndugu yenu katika Kristo,

Mwalimu, Mkumbara.